Chuma na Ukungu: Vita vya Kutu katika Mlima wa Embu na Meru

Desemba 1963, siku chache baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa wangali msituni walianza kuteremka. Uwanja wa Ruring'u kule Nyeri ulifurika watu waliotaka kuwaona kwa macho yao mashujaa ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwatangaza kuwa wameangamizwa. Kutoka upande wa Meru alijitokeza Musa Mwariama, mzaliwa wa Tigania, mmoja wa makamanda wakuu ambao Waingereza hawakuwahi kuwakamata, na mwezi huohuo akapigwa picha pamoja na Jomo Kenyatta. Wapiganaji walikuwa wamefuga nywele zikasokotana hadi mabegani. Wengi walivaa ngozi za wanyama. Na mikononi mwao walikuwa na silaha.

Watu walizitazama nywele na ngozi. Fundi wa chuma angezitazama silaha. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tangu hapo hadi siku hiyo ya Ruring'u ilikuwa imepita miaka 11, na sehemu kubwa ya muda huo silaha hizo zilikaa ndani ya msitu ambao hauishi unyevu. Bunduki yoyote iliyotoka humo ikiwa nzima haikudumu kwa bahati. Ulikuwapo mkono ulioipangusa usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, na mkono huo haujapewa nafasi yake katika historia tunayosimuliana.

Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake huja baridi ya Juni, Julai na Agosti, yenye mawingu mazito na manyunyu ambayo huweza kukaa siku nzima bila jua kuonekana. Ukipanda kutoka mjini unapita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, kisha unaingia msituni, na juu ya msitu kuna ukanda wa mianzi. Upande huu wa kusini-mashariki ndio unaopokea mvua nyingi kuliko pande zote za Mlima Kenya, kwa sababu ndio unaoupokea kwanza upepo unaotoka Bahari ya Hindi.

Chuma hakipendi mahali kama hapo. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Ukiondoa kimojawapo, kazi inasimama. Wala hayahitajiki maji ya kumiminika. Unyevu wa hewani ukizidi takriban asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya chuma, na huo unatosha. Chumvi ikiwapo, hata ile ya jasho la kiganja, kutu huenda mbio zaidi. Halafu kuna baridi ya usiku. Bunduki iliyolala nje ikiingizwa penye moto asubuhi hutoa jasho mwili mzima, na jasho hilo huingia mpaka kwenye springi na matundu ya skrubu ambako kitambaa hakifiki.

Wenyeji wa nchi hii walilijua tatizo hilo kabla ya kuiona bunduki. Wambeere, majirani wa Waembu kwenye nyanda kavu za chini, walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha, na wahunzi wakafua mikuki, simi na majembe. Mkuki ulikuwa mali ya thamani, na mwenye mkuki aliupaka mafuta. Mbarika ilimea kila mahali, na mafuta yake, pamoja na ya kondoo, yalipakwa kwenye ngozi ya mtu na vilevile kwenye chuma chake. Mafuta ya mbarika ni mazito, hushika vizuri kwenye chuma wala hayakauki haraka. Kwa silaha inayoshikwa kila siku, hiyo ilikuwa kinga ya kutosha kabisa.

Mwaka 1906 kikosi cha jeshi la kikoloni la King's African Rifles, yaani KAR, kiliingia Embu na kuvunja upinzani wa Waembu kwa risasi. Boma la serikali likajengwa mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye afisa E. B. Horne akafungua boma la Meru. Bunduki ikawa sasa imekuja kukaa, na pamoja nayo ikaja kazi mpya ya kuitunza, ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia vijana wa Kiafrika waliovalishwa sare.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu bunduki iliyotawala Afrika Mashariki ya Waingereza kwa nusu karne, Lee-Enfield yenye risasi za .303, ilikuwa na adui aliyejificha ndani ya risasi yenyewe. Fataki ya risasi za zama hizo ilikuwa na klorati ya potasiamu. Kila risasi ilipolipuka iliacha ndani ya mtutu chumvi isiyoonekana, ya ukoo mmoja na chumvi ya jikoni, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Askari angeweza kuupaka mtutu mafuta jioni, akalala akidhani amemaliza, na baada ya siku chache akakuta ndani umekwaruzwa na kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha.

Kwa hiyo jeshi lilifundisha jambo ambalo kuruta yeyote angelishangaa: baada ya kufyatua, mimina maji yanayochemka ndani ya mtutu. Maji yalimiminwa kwa faneli kutoka upande wa chemba, yakasafisha chumvi na kutokea mdomoni, na joto lake likaukausha mtutu wenyewe. Kisha ilifuata kamba ya kusafishia, yenye kipande cha shaba mwishoni na kitanzi cha kushikia kitambaa cha flana. Kamba ilivutwa mara kadhaa kwa kitambaa kikavu, halafu mara ya mwisho kwa kitambaa chenye mafuta. Kamba hiyo na kichupa cha mafuta vilikaa ndani ya kitako cha bunduki, nyuma ya kifuniko kidogo cha chuma. Askari alitembea na dawa ya silaha yake ndani ya silaha yenyewe.

Bunduki zilizokwenda ghalani kwa miaka zilipata matunzo mazito zaidi. Zilisafishwa, zikakaushwa, zikapakwa grisi nzito ya jamii ya vaselini ndani na nje, kisha zikafungwa ndani ya makasha ya mbao. Bunduki iliyohifadhiwa hivyo huweza kukaa miongo kadhaa na ikatoka na rangi yake ya kiwandani. Lakini grisi hiyo haina budi kuondolewa yote kabla ya kufyatua, kwani mtutu ulioziba ni hatari kwa mwenye bunduki kuliko kwa anayelengwa.

Waafrika waliojifunza haya hawakuyaacha kambini. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri, alijiunga na KAR mwaka 1942 na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni, ndani ya matope na malaria. Mvua za namna hiyo zinamfundisha askari kwamba asipoipangusa bunduki leo, kesho bolti itagoma. Miaka michache baadaye Itote alikuwa Jenerali China, kamanda wa Mau Mau katika Mlima Kenya, na vikosi vya Embu na Meru vilikuwa sehemu ya jeshi la mlima huo. Wakoloni walihofia kwamba askari wa zamani wangewafundisha vijana kulenga shabaha. Hawakufikiria sana kwamba wangewafundisha pia kusafisha.

Silaha zenyewe zilikuwa haba mno. Wachache walikuwa na bunduki za kiwandani, zilizoibwa, zilizonunuliwa kwa siri au zilizotekwa, kama zile 47 zilizochukuliwa katika shambulio la kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953. Waliobaki walibeba bunduki za kujitengenezea: bomba la maji badala ya mtutu, komeo la mlango badala ya bolti, mpira wa tyubu badala ya springi, kitako cha mbao ngumu ya msituni. Zilikuwa silaha za kukatisha tamaa na mara nyingine zilimlipukia aliyezishika. Lakini bomba la maji lilikuja na zawadi moja ambayo fundi huenda hakuifikiria. Lilikuwa limepakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa na hewa kwanza ili chuma kilicho chini yake kipone. Komeo na misumari havikuwa na kinga hiyo, na hapo ndipo bunduki za namna hii zilipoanza kuoza.

Msituni hakukuwa na duka la mafuta ya bunduki. Yaliyopatikana karibu yalikuwa mafuta ya mnyama aliyewindwa au ya ng'ombe aliyechukuliwa mashambani. Mafuta ya mnyama huzuia maji, ila yana kasoro mbili. Yasipochujwa vizuri hubeba chumvi na maji ya nyama, na yakikaa huchacha, na yakichacha hugeuka asidi inayokitafuna chuma kilekile yaliyopakwa kukilinda. Dawa ni moja tu, nayo ni kuyapangusa na kupaka mapya mara kwa mara. Kwa watu waliokuwa wakihama kambi kila kukicha, wakikimbia ndege za Lincoln na Harvard zilizoangusha mabomu msituni, kazi hiyo ilidai nidhamu kubwa kuliko tunavyowapa sifa.

Hatari ya kukutwa na silaha ilikuwa kubwa vilevile. Chini ya sheria za dharura, kumiliki bunduki au hata risasi kinyume cha sheria kulikuwa kosa la kunyongwa. Itote alipojeruhiwa na kukamatwa tarehe 15 Januari 1954, moja ya mashtaka yaliyomfikisha kwenye hukumu ya kifo lilikuwa kupatikana na risasi mbili. Mbili tu. Hukumu hiyo ilibadilishwa Machi mwaka huo. Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kumiliki bastola na risasi zake. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu.

Sheria ya namna hiyo iliwalazimisha watu kuzika silaha. Aliyeteremka kijijini kutafuta chakula hangeweza kuteremka na bunduki. Aliificha pangoni, kwenye shimo la mti au chini ya udongo, akiwa na nia ya kuirudia. Hakuna hifadhi mbaya kwa bunduki kuliko udongo. Una maji, una chumvi, una hewa ya kutosha kulisha kutu, na kitako cha mbao hunyonya unyevu wote huo na kuupeleka kwenye chuma kilicholala juu yake. Kuifunga kwa ngozi kunaonekana kuwa busara, kumbe ngozi hushika maji na mabaki ya chumvi iliyotumika kuikausha. Hata mfuko wa bastola wa ngozi nzuri ya dukani haufai kuhifadhia bastola kwa muda mrefu, kwa sababu hiyohiyo. Aliyeizika bunduki mwezi wa Machi akaifukua Desemba, baada ya misimu miwili ya mvua, huenda alifukua gogo jekundu.

Upande wa pili haukuwa na shida ya mafuta. Homugadi wa Embu na Meru, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, walipewa silaha nayo, wakajengewa vituo vyenye mahandaki na minara. Kando ya msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki la takriban maili 50, lenye miti iliyochongwa, ili wapiganaji wasiweze kupata chakula. Mapema mwaka 1955 operesheni iliyoitwa First Flute ilipeleka maelfu ya askari ndani ya Mlima Kenya. Hata hivyo bunduki peke yake haikuwa dhamana ya haki: mnamo Juni 1953, huko Chuka, askari wa KAR walikuwa wamewaua watu 20 wasio na hatia, wengi wao wakiwa homugadi, yaani watu wa upande wao wenyewe.

Baada ya 1956 vita vikubwa viliisha, ila mlimani walibaki watu. Hapa ndipo historia ya kutu inapokuwa historia ya subira. Mwariama na makamanda wenzake kama Baimungi hawakuwa tena katika mapigano ya kila wiki; walikuwa wakingoja. Bunduki inayofyatuliwa leo husafishwa leo, kwa sababu mwenyewe anaihitaji kesho. Bunduki inayongoja miaka saba ndiyo inayosahaulika. Risasi nazo huchoka: shaba ya ganda hugeuka kijani, unyevu hupenya kwenye fataki, na siku ya kuhitajika husikika mlio mdogo tu wa pini bila mlipuko. Kukaa tayari kwa muda huo wote, katika ukanda wa mianzi, ni jambo la kuheshimiwa hata na mtu asiyependa silaha.

Baimungi aliteremka wakati wa uhuru, lakini ahadi za ardhi hazikumridhisha, akarudi msituni. Januari 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru.

Inafaa kuweka kando ya hadithi hii kisa kingine cha Afrika Mashariki, kwa kuwa kinaonyesha chuma kinaweza kuokolewa kutoka wapi. Julai 1915 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliitoa mizinga yake 10 kutoka kwenye maji ya chumvi na matope, wakaipeleka Dar es Salaam, mafundi wakaisafisha na kuitengeneza, na ikaburutwa nchi kavu kupigana tena. Mmoja wake umesimama leo Fort Jesus, Mombasa, mbele ya bahari ileile ambayo ingeumaliza kama si rangi na uangalizi. Siri ya mafundi hao ilikuwa haraka. Chuma kilichotoka kwenye maji ya chumvi huanza kuoza kwa kasi pindi kinapoguswa na hewa, kwa hiyo kisafishwe na kukaushwa mara moja.

Lee-Enfield nazo hazikuondoka Kenya pamoja na Waingereza. Zile za modeli iliyoitwa No. 4, nyingi zikiwa zimeundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ziliendelea kubebwa na polisi wa akiba na walinzi katika kaunti za wafugaji kwa zaidi ya nusu karne baadaye. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zingeweza kukutana uzeeni, moja ikilenga sawasawa na nyingine ikiwa imeliwa mtutu, na tofauti yao yote ikawa ni kitambaa na mafuta.

Leo mafundi wa maghala ya silaha na wenye leseni wanafuata kanuni zilezile kwa vifaa bora. Mtutu husafishwa kabla ya kuhifadhiwa, hata kama risasi za kisasa hazina tena ile chumvi ya zamani. Chuma hupakwa mafuta utando mwembamba, si kumwagiwa, kwani mafuta mengi huteremka na kuulainisha mti wa kitako au kuganda ndani ya mitambo. Sefu huwekwa mbali na ukuta wenye unyevunyevu, na ndani yake huwekwa pakiti za silika zinazonyonya maji, ambazo ni sharti zikaushwe au zibadilishwe zinaposhiba. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unatosha: chini sana ya hapo mbao hupasuka. Kifuniko cha sponji cha kubebea bunduki ni cha safari, si cha kulalia. Na kila baada ya wiki kadhaa silaha hutolewa, hupanguswa alama za vidole, na kurudishwa. Embu, katika baridi ya Julai, ratiba hiyo haifai kulegezwa.

Wakati huohuo serikali imekuwa ikiangamiza silaha haramu badala ya kuzitunza. Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong, zilizokamatwa au kusalimishwa na raia. Ni uamuzi sahihi. Bunduki haramu iliyotiwa mafuta vizuri huishi kuliko mgogoro ulioileta, na kaunti za Meru na Isiolo zimeonja uchungu wa silaha za namna hiyo katika wizi wa mifugo.

Lakini bunduki za bomba la maji za miaka ya 1950 ni jambo jingine. Baadhi yake zimehifadhiwa katika Imperial War Museum huko London, zikiwa kwenye vyumba vyenye unyevu unaopimwa. Nyingine huenda zimelala hadi leo katika mapango na udongo wa mlima, na kila masika hupungua. Mkulima anayelima pembezoni mwa msitu wa Embu, Chuka au Tigania anaweza kuigonga moja kwa jembe, au kukuta risasi zilizogeuka kijani.

Akikuta, asiichukue nyumbani, asiigonge, wala asijaribu kuifungua. Baruti ya zamani haiaminiki, na kukaa na silaha bila leseni ni kosa. Aweke alama mahali hapo na kumpasha habari chifu au kituo cha polisi. Asiikwaruze kwa msasa wala kuimwagia mafuta ya taa, maana tabaka lile la kutu mara nyingi ndilo linalobeba umbo la kifaa, na likiondolewa hovyo hakibaki kitu. Na polisi wanaoletewa chuma cha namna hiyo, baada ya kuhakikisha hakina risasi ndani, wawaite Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kukitia kwenye rundo la kuchomwa. Wataalamu wa huko wana njia za kukausha, kusimamisha kutu na kupaka nta maalumu, ili vitukuu wa watu wa Embu na Meru waione silaha hiyo katika nchi yao wenyewe bila kupanda ndege kwenda London.